Kipimo cha kingamwili kikisoma "chanya"

Wengi huamini kwamba jibu la "chanya" kwenye kipimo cha kingamwili maana yake virusi bado vimo mwilini. Ni rahisi kufikiri hivyo. Neno lenyewe linatisha.

Kingamwili ni askari wa mwili, si virusi. Za aina ya IgM kwa kawaida hutangulia kisha hupungua. Za IgG huweza kubaki miaka mingi baada ya mtu kupona. Chukua homa ya ini aina ya C: chanya huonyesha kwamba virusi viliwahi kuingia, na wapo wanaopona bila dawa, ndiyo maana hufanyika kipimo cha pili cha kutafuta virusi vyenyewe. VVU ni tofauti: haviondoki mwilini, hivyo kingamwili zikithibitishwa kwa mtu mzima, maambukizi yapo.

Ukishika karatasi ya majibu, soma jina la kipimo kabla ya jibu. Kwa homa ya ini B, "anti-HBs", yaani kingamwili, ikiwa chanya peke yake mara nyingi ni alama ya chanjo. "HBsAg" ndiyo kipande cha kirusi. Herufi zinakaribiana, maana ziko mbali kabisa.

Na hasi ya siku ya tatu baada ya kuambukizwa? Haitoshi. Mwili bado haujatengeneza kingamwili za kuonekana.