Vyama Vingi Ndani ya Katiba ya Chama Kimoja: Dhana na Ukweli

Dhana: Mfumo wa chama kimoja Tanzania uliisha 1992.

Mwaka ule vilirudi vyama vingi. Katiba ni ileile ya 1977, iliyotungwa enzi za chama kushika hatamu, ikatiwa viraka.

Dhana: Mbunge ni wa waliompigia kura.

Ibara ya 67 inamtaka mgombea awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho. Ibara ya 71 inaongeza: akiacha kuwa mwanachama wa chama alichochaguliwa nacho, ubunge unakoma. Matokeo yake ni haya: mbunge anapinga msimamo wa chama bungeni, kikao cha chama kinamvua uanachama, kiti kinakuwa wazi. Akikimbilia mahakamani anaweza kubaki bungeni shauri likiendelea, lakini wapiga kura wake hawaulizwi popote. Ndiyo maana wabunge, wa chama tawala na wa upinzani, humtazama katibu wa chama kabla ya kulitazama jimbo. Juni 2013, katika kesi ya mwanasiasa Mchungaji Mtikila, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema kumzuia mgombea binafsi, yaani asiyepitia chama, ni kuvunja haki. Hata hivyo, uchaguzi wa 2015 ulifanyika bila mgombea binafsi, na chaguzi zilizofuata vilevile.

Dhana: Kura za urais zikiwa na kasoro, mahakama itaamua.

Kwa diwani na mbunge, ndiyo. Kwa rais, ibara ya 41(7) inazuia mahakama yoyote kuchunguza kuchaguliwa kwake Tume ya Uchaguzi ikishatangaza. Yaani cheo kikubwa kuliko vyote ndicho kisichokaguliwa, na hilo ni kosa zito. Kenya, chini ya Katiba ya 2010, mlalamikaji ana siku 7 kufungua shauri na Mahakama ya Juu ina siku 14 kuamua. Tarehe 1 Septemba 2017 ilifuta matokeo ya urais, uchaguzi ukarudiwa.

Dhana: Rais lazima avuke nusu ya kura.

Sharti hilo liliondolewa 2000. Anayeongoza anatosha.

Dhana: Tume ikiitwa huru, ni huru.

Sheria ya 2024 ilileta jina hilo na kamati ya usaili. Anayeteua mwenyekiti na wajumbe, kwa ibara ya 74, bado ni Rais, ambaye huenda naye ni mgombea.

Dhana: Wabunge wanaweza kuyarekebisha haya wakati wowote.

Kubadili Katiba kunahitaji kura za angalau theluthi mbili ya wabunge wote. Na wabunge hao ndio wale ambao ibara ya 71 imewafunga kwa vyama vyao.