Kovu dogo ubavuni: maswali ya wagonjwa wa vali za moyo, Kisumu

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya moyo. Siku hizi wagonjwa hunionyesha kwenye simu picha ya mtu mwenye kovu dogo ubavuni, wakitaka kujua kama nao wanaweza kutengenezwa vali hivyo.

Sista, binti yangu ana miaka 19, tumetoka Ahero. Vali yake imeziba. Ni lazima apasuliwe kifua?

Si lazima, mama. Moyo una vali nne, yaani milango ya kupitishia damu, na kwa vijana wa huku inayoumia zaidi ni ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto. Chanzo huwa homa ya baridi yabisi: koo liliuma utotoni kwa bakteria, halikutibiwa, kisha kinga ya mwili ikaugeukia moyo wenyewe. Kingo za vali hushikana hadi mlango ukabaki mwembamba kama tundu la kifungo cha shati. Damu hurudi nyuma mapafuni. Ndiyo maana binti yako analalia mito mitatu na bado anaamka usiku akikohoa.

Ikiwa vali bado ni laini, haivujishi sana, na hakuna bonge la damu ndani ya moyo, puto linaweza kutosha. Daktari huingia kwenye mshipa wa kinenani, akapitisha mrija mwembamba mpaka moyoni, akafikisha puto kwenye vali na kulijaza kwa sekunde chache. Kingo zinaachana. Mara nyingi mgonjwa yuko macho, ganzi imechomwa kinenani tu. Madaktari wa Japani waliitangaza njia hii mwaka 1984, na kwangu mimi ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote kwa vijana wetu. Kinachoniuma ni kwamba wengi hufika vali imeshakuwa ngumu kama gamba, na puto haliwezi tena. Fanyeni mapema kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti.

Kwa hiyo wenye kovu dogo wamefanyiwa upasuaji mdogo?

Hapana. Kovu ndilo dogo. Daktari hupita katikati ya mbavu za kulia, kwa mkato wa sentimita 5 hadi 8 hivi, badala ya kukata mfupa wa kifua. Lakini ndani kazi ni ileile: nusu kaputi, moyo unasimamishwa, na mashine inafanya kazi ya moyo na mapafu. Faida yake ni kwamba hakuna mfupa wa kuungwa, kwa hiyo mtu huweza kurudi mapema kuinua mtungi wa maji. Aliyekatwa mfupa husubiri miezi miwili au mitatu. Hata hivyo, vali mbili zikiwa zimeharibika, mara nyingi njia ya kukata mfupa wa kifua ndiyo salama. Tenwek kule Bomet na Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret hufanya upasuaji wa moyo. Waulize wana uzoefu wa njia ipi.

Na vali mpya inayopitishwa kwenye mshipa?

Daktari Alain Cribier aliiweka ya kwanza Rouen, Ufaransa, mwaka 2002. Ilitengenezwa kwa wazee ambao vali yao ya aota, mlango wa mshipa mkuu unaotoka moyoni, imebanwa na chokaa. Vali ya binti yako ni nyingine na ugonjwa ni mwingine.

Akipona, ataacha dawa?

Hapana, mama. Sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne inaendelea kwa miaka, hata kama puto limefaulu, ili homa isirudi. Akiwekewa vali ya chuma, atameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote, na damu ipimwe mara kwa mara. Wengine huacha kabisa sukuma wiki na managu kwa hofu. Si lazima aache; ale kiasi kilekile kila wiki, kwa sababu mboga nyingi za ghafla hupunguza nguvu ya dawa. Na kabla hajachaguliwa vali, mwambieni daktari kwamba ni msichana anayetarajia kuzaa. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na vali iliyotengenezwa kwa nyama ya mwili wa mnyama, isiyohitaji warfarini maisha yote, huchakaa haraka kwa vijana. Hilo lizungumzwe akiwepo yeye mwenyewe, si wazazi peke yao.