Pakiti ya mbegu yenye medali isomwe vipi?

Pakiti nyingi za mbegu za bustani zinazotoka Marekani huwa na kialama chenye herufi AAS. Wapo wanaokipita bila kukitazama, na wapo wanaokiona tu na kulipa papo hapo, kwa imani kwamba mbegu iliyoshinda tuzo haiangushi mtu. Kazi yangu ni kupanda mbegu za namna hiyo kila msimu kwenye vitalu vya maonyesho vya taasisi yetu, na makundi yote mawili nina neno nayo.

AAS ni kifupi cha All-America Selections, shirika lisilolenga faida. Lilianza mwaka 1932 kwa wazo la W. Ray Hastings, mtu wa biashara ya mbegu kutoka Atlanta, jimbo la Georgia. Enzi hizo kila kampuni ilijisifia kwenye katalogi yake, na mwenye bustani ya nyumbani hakuwa na pa kuuliza nani anasema kweli. Hastings akashauri kampuni ziwe na mashamba ya majaribio, mbegu mpya zipandwe na kupimwa kwa pamoja, kisha zitakazofaulu zitangazwe kupitia wahariri wa magazeti ya bustani. Washindi wa kwanza walitangazwa 1933, na kazi hiyo inaendelea hadi leo.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi, na uzuri wake uko hapo hapo. Mzalishaji huleta aina ambayo haijawahi kuuzwa popote. Jina lake linawekwa kando, inapewa namba, kisha inapelekwa kwenye vituo vilivyotawanyika Marekani na Kanada: vyuo vikuu, bustani za mimea, mashamba ya kampuni za mbegu. Jaji anayejitolea anaipanda sambamba na aina moja au mbili zinazofanana nayo, ambazo tayari ziko sokoni na zina sifa nzuri. Msimu mzima anazipitia na kutoa alama, kuanzia 0 hadi 5. Kwenye mboga huangalia inakomaa baada ya siku ngapi, inazaa kiasi gani, ladha, wepesi wa kuvuna, na inavyohimili magonjwa na wadudu. Kwenye maua huangalia rangi, umbo, ua linavyosimama juu ya majani, na muda wa kuchanua. Aina zenye mbegu za GMO, yaani zilizobadilishwa vinasaba kwa uhandisi wa maabara, hazipokelewi.

Kwa kuwa baadhi ya majaji hao hula mshahara wa kampuni za mbegu, ile namba ndiyo uti wa mgongo wa zoezi zima. Iondoe, na kinachobaki ni tangazo la biashara.

Kwa hiyo kialama kile kinasema jambo moja tu: aina hii, kwenye udongo wa watu wengi wasiojua jina lake, iliishinda aina nzuri iliyokuwa jirani yake. Hakisemi kuwa ni bora kuliko zote duniani, wala hakisemi kuwa iliwahi kupimwa na mbegu unayoihifadhi wewe mwenyewe miaka yote.

Chukua njegere iitwayo Sugar Snap. Kabla yake kulikuwa na njegere za kumenya, na zile za ganda bapa ambazo huliwa changa pamoja na ganda lake. Calvin Lamborn, mzalishaji wa mbegu huko Idaho, alikuta mmea mmoja wa ajabu wenye ganda nene kupita kawaida, akauchavusha na njegere za ganda bapa. Kizazi baada ya kizazi cha kuchagua, akapata ganda nene, lenye maji mengi, lisilo na ule utando mgumu wa ndani unaolifanya ganda la njegere ya kawaida liwe kama karatasi mdomoni. Ulikunje kwa vidole viwili linakatika ta!, na ndani punje zimejaa, tamu, hazihitaji jiko. Mwaka 1979 ilipata medali ya dhahabu, ambayo AAS huitoa kwa nadra sana, kwa kitu ambacho hakijawahi kuonekana.

Medali hiyo haikuufanya mmea kuwa mkamilifu. Sugar Snap hupanda juu karibu mita 2, bila fito imara unaanguka na kujiviringisha, na ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiri unga ukiingia majani yanakuwa kama yamemwagiwa unga wa ngano. Miaka mitano baadaye, 1984, nduguye mfupi Sugar Ann naye alishinda, wa kimo cha goti kwenda juu kidogo, anayeweza kusimama bila fito. Ladha ni ya kaka mtu, kwa maoni yangu, lakini mwenye kabustani ka dirishani atamshukuru mdogo mtu.

Huo ubwiri unga ndio unaonifanya nilitaje ua la zinia. Zinia kubwa za zamani ni nzuri kwa wiki chache, halafu majani ya chini yanaanza kugeuka meupe na ua zima linaonekana limezeeka ghafla. Jamaa yake wa porini, Zinnia angustifolia, hashikwi kirahisi na ugonjwa huo, ila rangi zake ni chache na maua ni madogo. Wazalishaji waliwaoanisha hao wawili, na 1999 Profusion mbili, ya rangi ya chungwa na ya cheri, zikapata medali ya dhahabu kwa pamoja. Ni mimea mifupi, inayotanuka, inayochanua mfululizo bila kudai uyakate maua yaliyokauka. Kwa anayeanza bustani ya maua, sijui mahali rahisi zaidi pa kuanzia.

Kuna ushindi mwingine mdogo mdogo ambao mtu asiyevuna kwa mikono yake hauelewi. Bamia ya Clemson Spineless ilishinda 1939, na sababu kubwa iko kwenye jina: haina miiba. Aliyewahi kuvuna bamia za kawaida asubuhi bila kufunika mikono anajua ule muwasho unaopanda hadi kwenye kiwiko. Maharage ya Mascotte, yaliyoshinda 2014, ni mafupi ya kutosha kupandwa kwenye chungu, na maganda yake hujitokeza juu ya majani badala ya kujificha chini, hivyo unavuna bila kupekua. Na Bright Lights ya 1998, yenye mashina ya njano, waridi, chungwa na mekundu, ni ile mboga ambayo wengi wetu huiita spinachi ingawa kwa ukoo ni ndugu wa kiazisukari. Ilitokana na kazi ya John Eaton wa New Zealand, aliyekuwa akizalisha mbegu kwa mapenzi yake tu.

Ukija kwenye nyanya, usiishie kwenye medali, soma herufi. Celebrity, mshindi wa 1984, huandikwa na herufi V, F, N na T baada ya jina. V ni mnyauko wa verticillium, F ni mnyauko wa fusari, N ni minyoo fundo wa kwenye mizizi, T ni batobato ya tumbaku. Kila herufi ina maana kwamba mmea una uwezo wa kuzaliwa nao wa kuhimili ugonjwa huo. Kama udongo wako umeshakuonyesha mizizi yenye vifundo kama shanga, N hiyo ina thamani kuliko picha yoyote ya mbele ya pakiti. Celebrity iko katikati ya nyanya fupi na nyanya ndefu. Bado inahitaji mti wa kuegemea. Wala herufi hizo hazitaji baka chelewa, ugonjwa unaofyeka nyanya za wengi msimu wa mvua na baridi, kwa hiyo usidhani umekingwa na kila kitu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo pakiti hainong'onezi kabisa: urefu wa mchana. Vituo vile vya majaribio viko Marekani na Kanada, ambako katikati ya kiangazi jua huweza kuwaka saa 15 au zaidi. Karibu na ikweta mchana ni saa 12 mwaka mzima, na baadhi ya mimea huhesabu saa hizo kwa umakini wa kushangaza. Petunia ya Purple Wave, mshindi wa 1995, ni mfano wangu wa kila mara. Huko ilikoshindia mche mmoja hutambaa zaidi ya mita moja na kuwa zulia la zambarau. Lakini ni ua linalotaka mchana mrefu. Mchana ukiwa mfupi linaota majani, linatambaa, na maua yanachelewa mno. Wenye vitalu vya kioo huliwashia taa jioni ili kulidanganya. Nimepigiwa simu na watu waliokata tamaa na petunia hiyo, wakidhani wameuziwa mbegu bandia. Kitunguu maji nacho kina aina zinazodai mchana wa saa 14 na kuendelea ndipo zitengeneze kichwa. Ukizipanda karibu na ikweta unavuna majani tu. Nyanya haijali sana mambo hayo, joto la usiku ndilo huisumbua zaidi. Zinia hupenda mchana mfupi, hivyo huwahi kuchanua, wakati mwingine mmea ukiwa bado kibeti.

Ndiyo maana nawashauri watu wafanye majaribio yao wenyewe, kwa mtindo ule ule wa namba. Panda mimea mitano au sita ya aina yenye medali, na idadi hiyo hiyo ya aina uliyoizoea, siku moja, kwenye tuta moja, ukizichanganya ili upande wenye kivuli usiionee aina moja. Chomeka vijiti vya namba badala ya majina. Pima mavuno kwa mizani ya jikoni na uandike kila mara, maana kumbukumbu hupendelea kile ulichokilipia zaidi. Kwenye kuonja, mwite mtu asiyejua namba ipi ni ipi. Msimu mmoja hautoshi. Hata AAS, kwa maua ya kudumu, husubiri miaka mitatu.

Kuhusu kuhifadhi mbegu, wengi hujikwaa, nami nilijikwaa. Celebrity ni chotara, yaani F1, mtoto wa wazazi wawili waliochaguliwa. Mbegu za ndani ya tunda lake zitaota vizuri tu, lakini sifa za wazazi zinagawanyika upya. Mwaka nilioamini ujanja wangu nilipata nyanya ndefu, fupi, nyingine zenye maji tupu, kwenye tuta moja. Clemson Spineless si chotara, hivyo mbegu zake hurithi sifa za mmea mama. Chagua mimea miwili mitatu iliyozaa vizuri na isiyo na bamia ya aina nyingine karibu, kwa sababu nyuki hawana mipaka. Acha maganda ya chini yakomae mpaka yawe ya kahawia na kuanza kupasuka kwenye mistari yake, kisha yakusanye asubuhi yenye jua, kabla umande wa usiku mwingine haujayafikia. Punje nyeusi zinazogonga zikitikiswa ndizo za kuweka.