Samurai hawakuikataa bunduki

Umerudi tena kwenye magrupu ya WhatsApp ule ujumbe usemao samurai, yaani tabaka la wapiganaji wa Japani ya zamani, walipigana kwa upanga tu, wakaikataa bunduki kwa kuiona silaha ya waoga. Si kweli, na tafadhali usiusambaze.

Bunduki za utambi zilifika kisiwa cha Tanegashima mwaka 1543 pamoja na Wareno. Wahunzi wa Kijapani waliziiga upesi, na Sakai ukawa mji wa kuzitengeneza. Mwaka 1575, katika mapigano ya Nagashino, wapiga bunduki waliojikinga nyuma ya uzio wa miti waliwavunja nguvu wapanda farasi wa adui. Tena karne nyingi kabla ya hapo, samurai alisifiwa zaidi kwa kulenga mshale akiwa juu ya farasi.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka. Mwaka 1588 wakulima walinyang'anywa silaha, zikabaki mikononi mwa samurai. Kisha, katika amani ndefu ya enzi ya Edo (1603–1868), panga mbili kiunoni zikawa alama ya tabaka la samurai, hata kwa karani asiyewahi kuona vita. Filamu zikaikuza sura hiyo.

Ukitaka kuhakikisha, angalia picha za makumbusho ya Japani: bunduki hizo bado zipo, na michoro ya kale ya Nagashino inawaonyesha wapigaji wamejipanga penye uzio.