Khazneh ya Petra Haikuwa Ghala la Farao

Wengi husadiki kwamba Khazneh, jengo lililochongwa katika mwamba mwekundu wa Petra nchini Yordani, lilikuwa ghala la Farao wa zama za Musa, na kwamba dhahabu yake imo ndani ya chungu cha mawe kilicho kileleni. Hata hivyo, wataalamu kwa jumla wanaliona kuwa kaburi la Wanabataea, watu wa kale wa Uarabuni waliojenga Petra, lililochongwa takriban miaka 2,000 iliyopita, karne nyingi baada ya zama hizo. Uchimbaji wa mwaka 2003 ulifichua makaburi mengine chini ya ua wake. Anayetaka kuhakiki na atazame picha ya karibu ya chungu hicho: pale kilipomegwa na risasi za waliotafuta dhahabu, huonekana jiwe lile lile la mwamba, wala hakuna uwazi wowote.