Ua katika urujuanimno: picha inayosema kidogo kuliko tunavyodhani

"Hivi ndivyo nyuki anavyoliona ua"

Maneno haya huambatana na karibu kila picha ya urujuanimno (UV, miale ambayo jicho la binadamu haliioni) inayosambaa, nayo ndiyo dhana potofu inayozaa nyingine zote.

Nyuki wa asali ana aina tatu za vipokezi vya mwanga. Kimoja huitikia zaidi urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 344, cha pili buluu ya karibu 436, cha tatu kijani ya karibu 544. Picha ya urujuanimno pekee inachukua sehemu moja kati ya hizo tatu, ile tusiyo nayo sisi, na kuziacha mbili. Tena jicho la nyuki haliwezi kupambanua mistari myembamba kama letu. Madoa tunayoyashangaa pichani yeye huyatambua akiwa amekwisha lifikia ua.

Je, zile rangi za zambarau na manjano? Ni za kamera. Vichujio vidogo vya nyekundu, kijani na buluu vilivyo juu ya kihisi (sehemu ya kamera inayopokea mwanga) hupitisha urujuanimno kwa viwango tofauti, kisha mpiga picha husawazisha weupe apendavyo. Badili kamera, na rangi nazo zitabadilika. Mimi huziamini zaidi picha za nyeusi na nyeupe.

"Kila ua lina alama yake ya siri"

Tunaonyeshwa yale yaliyo nayo tu. Mfano maarufu ni Rudbeckia hirta, ua la jamii ya alizeti: petali zake (kitaalamu kila moja ni kijiua kizima) huonekana za manjano, lakini katika urujuanimno ncha zinang'aa huku sehemu ya ndani ikiwa nyeusi, kwa kuwa imejaa flavonoli, kemikali za mmea zinazofyonza miale hiyo. Maua mengine hayana mchoro wowote. Mengi yaliyo meupe machoni petu hufyonza urujuanimno kote, yakatoka meusi pichani.

Wala alama za kumwelekeza mdudu kwenye nekta si lazima zifichike. Mtaalamu wa mimea Mjerumani, Christian Konrad Sprengel, alizieleza mwaka 1793 kwa kutumia macho yake tu.

"Nunua kichujio cha UV, uanze kupiga"

Hapa wengi hupoteza fedha. Kichujio kinachouzwa kwa jina hilo kazi yake ni kuzuia urujuanimno. Unachohitaji ni kinyume chake: kinachoupitisha na kuzuia mwanga wa kawaida pamoja na infraredi, miale mingine tusiyoiona, iliyo ng'ambo ya nyekundu.

Hiyo infraredi ndiyo adui mkubwa. Kihisi cha silikoni huihisi kwa urahisi kuliko urujuanimno, hivyo ikivuja kidogo tu inaifunika picha nzima. Na kwa kuwa petali nyingi huakisi infraredi, mchoro unafifia, nawe unaondoka ukiamini kwamba ua lile halikuwa na kitu. Ukitaka kukijaribu kichujio, anza na ua ambalo mchoro wake unajulikana.

Ndani ya kamera kuna kizuizi kingine mbele ya kihisi, ambacho fundi hukiondoa. Lenzi nayo ina neno lake. UV-Nikkor ya milimita 105, lenzi ya Nikon, ilitengenezwa kwa kwatzi na floriti kwa kazi hii hasa, lakini ni adimu. Lenzi kadhaa za zamani za mashine za kukuzia picha za filamu, zenye vioo vichache, hupitisha urujuanimno wa kutosha.

"Tochi ya urujuanimno inatosha"

Tochi hulifanya ua limeremete gizani, lakini unachopiga hapo ni mwanga wa kawaida ambao ua hutoa baada ya kufyonza urujuanimno. Hilo ni jambo jingine kabisa. Hapo ndipo kile kichujio cha dukani kinapopata kazi, mbele ya lenzi. Vaa miwani ya kinga.

"Mdudu akitua, bonyeza tu"

Urujuanimno unaofika kwenye kihisi ni mchache, kwa hiyo hata juani picha moja huweza kuchukua sekunde nzima au zaidi, na nyuki hasubiri. Wengi hutumia flashi ambayo tyubu yake haina mpako wa kuzuia urujuanimno.

Buibui ni mvumilivu zaidi. Thomisus spectabilis wa Australia, akiwa mweupe juu ya ua jeupe, kwetu karibu haonekani. Katika urujuanimno anang'aa juu ya petali nyeusi, na nyuki wa asali, badala ya kumkwepa, huvutwa na ua alilokalia.