Maoni yetu saa ya kwanza: tunavyozipokea habari Visiwani

Zanzibar haijawahi kukosa watu wenye maoni. Kabla simu haijafika kila mkono, kulikuwa na ubao. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, na pale Maskani ya Kisonge, Michenzani, vijiwe viwili vya mazungumzo vya hapa mjini Unguja, mtu alipita akasoma kilichoandikwa kwa chaki: siasa, mpira, kijembe cha kuwachoma wa upande wa pili. Itikadi za maskani hizo mbili ni mbalimbali, hilo kila Mzanzibari analijua, lakini utaratibu ulikuwa mmoja. Aliyeandika alikuwa akijulikana, na akikosea alijibiwa papo hapo, kahawa bado ya moto.

Kazi yangu ni kufundisha mawasiliano ya umma chuoni, hapa Unguja. Naandika haya kwa kuwa tunasema sana juu ya watungaji wa uzushi, na tunasema kidogo mno juu ya sisi tunaoupokea. Nimefika mahali pa kuamini kwamba uvumi hutuumiza zaidi pale tunapotoka kwenye kuuliza "kumetokea nini?" tukarukia "nani kafanya?" kabla swali la kwanza halijapata jibu.

Turudi mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi. Mapema mwaka ule hofu ya Popobawa, shetani aliyesemwa kuwavamia watu usiku wakiwa wamelala, ilizuka Pemba, ikavuka bahari mpaka Unguja. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka: familia nzima zilihama vyumbani zikalala nje pamoja na majirani, moto umekokwa, watu wanakesha. Sibishani na yeyote kuhusu mashetani. Hofu ilikuwepo, na waliopatwa nayo waliteseka kweli.

Ila tazameni sharti lililofuatana na habari ile. Ilisemwa kwamba aliyepatwa lazima awaeleze wenzake, akinyamaza atarudiwa. Sharti hilo peke yake lilitosha kuipeleka habari kijiji hadi kijiji. Leo mtu anapokea usiku ujumbe unaomwamuru autume kwa watu kumi, asipoutuma atafikwa na msiba. Mwengine unamwambia "sambaza haraka kabla hawajaufuta". Miaka thelathini imepita na mbinu ni ile ile. Ujumbe unaokuamrisha kuusambaza na kukutisha ukikataa umetungwa ili uenee, na ukweli wake haukuwa hoja ya aliyeutunga.

Halafu akatafutwa mhusika. Siasa ilikuwa imepamba moto, na wapo waliolifasiri jambo lote kwa jicho la chama. Unguja mjini akaonekana mtu mmoja mgonjwa wa akili, aliyetoka bara kuja kutibiwa. Akashukiwa kuwa ndiye. Umati ukampiga mpaka akafa. Waliompiga hawakuwa majambazi. Walikuwa watu wa kawaida waliokuwa hawajalala siku nyingi, na kila mmoja alikuwa na hakika kwa sababu mwenzake alikuwa na hakika. Kila nikisomesha habari hii darasani hukaa kimya kidogo kabla ya kuendelea, kwani marehemu yule alikuwa mgeni wetu.

Kuna tukio jengine ambalo linatufundisha kwa njia tofauti. Mei 2008 umeme ulikatika Unguja nzima, na kiza kikakaa karibu mwezi mmoja. Disemba 2009 ukakatika tena, safari hii mpaka Machi 2010. Maji hayakupanda kwenye matangi, samaki wakaoza, hoteli na viwanda vikaunguruma kwa majenereta, asiye na jenereta akarudi kwenye kibatari. Umeme wetu wote ulikuwa ukipita kwenye kebo moja ya chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni upande wa bara hadi Fumba, iliyolazwa tangu mwaka 1980.

Barazani maswali yaligeuka ya kisiasa haraka, na mimi sioni ubaya wowote. Mtu aliyeuliza, "Inakuwaje kisiwa kizima kitegemee waya mmoja wa zamani bila ya akiba?" alikuwa anatoa maoni makali ya kisiasa, na alikuwa sahihi. Mwaka 2013 ikazinduliwa kebo mpya yenye uwezo wa megawati 100. Aliyesema, "Fulani kauzima makusudi," huyo aliacha kutoa maoni na kuanza kutuhumu, na tuhuma inadai ushahidi. Wanafunzi wangu huona ugumu hapa, basi nawaambia wausome tena ujumbe wao na watafute kama ndani yake kuna mtu aliyetajwa kwa kosa. Kama yumo, waulize wenyewe: nani ameona? Unaweza kuikosoa serikali, chama, shirika la umeme, hata sisi wa vyuoni, kutwa kucha, bila ya kumbandika mtu kosa usilolijua.

Sasa la kasa, ambalo linaniuma zaidi kuliko yote.

Machi 2024, Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, watu walikula nyama ya kasa. Watoto 8 na mama mmoja walifariki, na watu 78 walilazwa. Habari ile ikazunguka dunia nzima ikiwekwa kwenye fungu la habari za ajabu, pamoja na ng'ombe wa vichwa viwili na vioja vyengine. Maoni yaliyofuata tuliyasoma: kejeli kwa Wapemba, lawama kwa wazazi, mahubiri kwa watu waliokuwa bado hawajamaliza matanga. Wapo na waliosema lazima kuna mkono wa mtu.

Katika maneno yote hayo, machache sana yalieleza kile ambacho familia ya mvuvi ingehitaji kukijua. Nyama ya kasa mara chache huwa na sumu, na hapo ndipo palipo na hatari yake, kwa sababu mtu aliyeila mara ishirini salama huamini itakuwa salama ya ishirini na moja. Wataalamu wanadhani sumu inatokana na baadhi ya miani ambayo kasa huila baharini. Kupika hakuiondoi, uchemshe utakavyochemsha. Kwa macho, kwa harufu au kwa ladha huitambui. Dawa ya kuiondoa mwilini haipo. Hospitali humsaidia mgonjwa apumue na asiishiwe maji. Watoto wadogo ndio huzidiwa, na sumu hupita hata kwenye maziwa, kiasi kwamba mtoto mchanga ambaye hajaonja nyama anaweza kudhurika kwa kunyonya. Kwa hiyo mama aliyeila asimnyonyeshe mtoto, na nyumba nzima iende hospitali bila ya kusubiri nani ataanza kutapika. Mambo haya hayakuwa mageni, kwani Novemba 2021 watu 7 walikuwa wameshafariki Pemba kwa sababu hiyo hiyo.

Hebu fikirini. Kwa miaka miwili na zaidi baina ya msiba mmoja na mwengine, sentensi nne za aina hii zingeweza kuingia kwenye kila kundi la WhatsApp la wavuvi, la mskiti, la wazazi wa skuli, kuanzia Makangale hadi Mkoani. Anayetaka kuandika jambo chini ya habari ya msiba ana chaguo. Aandike pole, au aandike kitu kitakachomwokoa mtu mwengine. Kejeli kwa waliofiwa siihesabu kuwa ni maoni.

Kwenye simu yenyewe kuna mambo machache yanayosaidia kweli. Ujumbe wa WhatsApp wenye mishale miwili juu yake umepita mikono mingi kabla ya kukufikia. Tangu Aprili 2020 programu hiyo huruhusu ujumbe wa namna hiyo upelekwe sehemu moja tu kwa wakati, na ukiona inakukatalia, imekupa taarifa. Picha ya ajali ikisemwa ni ya Mwera au Chake, ikuze. Gari zetu zina namba zinazoanza na herufi Z. Angalia mabango ya maduka, sare za wanafunzi, hata miti ya nyuma: wakati mwengine mlima mmoja tu unatosha kukwambia kuwa hapo si Unguja. Picha hiyo hiyo unaweza kuitafuta kwa Google Lens ukaona kama ilishatumika miaka iliyopita nchi nyengine. Sauti ni ngumu zaidi, maana siku hizi kompyuta inaweza kuiga sauti ya kiongozi, lafudhi na kikohozi chake. Sauti isiyo na tarehe, isiyo na jina la mahali, na isiyosikika kwenye chombo chochote cha habari, mimi siipeleki mbele.

Mei 12, 2024 intaneti ilizorota Tanzania na nchi jirani kwa sababu kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu upande wa kusini mwa Afrika. Mtu aliyekwishaonja mtandao kubanwa wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020 hawezi kulaumiwa kwa kushuku kwamba na safari hii umezimwa. Shaka yake ina historia. Lakini mara hii ilikuwa ni kebo, na anayetaka kuaminiwa siku mtandao utakapobanwa kweli hana budi kukubali siku ambayo kosa lilikuwa la waya.

Habari za ajabu nyengine hazina madhara, na nazipenda. Mwaka 2018 kipindi cha televisheni cha Marekani kilionyesha picha za chui zilizonaswa na kamera hapa Unguja, wakati wengi walishaamini chui wetu ametoweka. Chui huyu aliwindwa sana baada ya Mapinduzi, akidhaniwa kufugwa na wachawi. Ubishi ukawa mtamu: wapo waliofurahi, wapo waliosema mzee wao alishamwona zamani. Picha zile zilionyesha chui. Kwamba ni yule wa asili ya Zanzibar halijathibitishwa kisayansi. Bishaneni hapo mpaka usiku, hakuna atakayeumia.

Sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu na Zanzibar, na kifungu chake cha 16 kinamwadhibu anayechapisha taarifa za uongo kwa makusudi ya kupotosha: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Msomaji aijue. Lakini kwa maoni yangu sheria huja baada ya mtu kushaumia, na ikishikwa kwa mkono mpana humtia hofu mwenye swali la haki kuliko mzushi aliyejificha nyuma ya namba ya kigeni.

Kwa hivyo nazigeukia taasisi, na yangu ikiwemo. Kimya chetu ndicho kinachowapa wazushi uwanja. Kimbunga Hidaya kilipokaribia mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa taarifa moja baada ya nyengine, boti zikasitishwa, na watu wakawa na cha kukishika. Hospitali, shirika la umeme, bandari na ofisi za wilaya zinaweza kufanya hivyo hivyo. Saa ya kwanza taasisi haina haja ya kuwa na jibu kamili. Iseme: tumeisikia, mpaka sasa tunajua hili na hili, chanzo tunakichunguza, tutasema tena saa kumi alasiri. Kisha saa kumi iseme kweli, hata kama hakuna jipya, kwenye redio, kwenye simu ya sheha, na kwa kipaza sauti cha mskiti kwa wale ambao simu zao hazina bando.